Maji Yalifika Wapi, Mwaka Gani?

Kama kuna kalamu na karatasi jirani, visogeze, maana huko mbele nitasoma barua fupi ambayo ningependa uiandike.

Leo nataka kuzungumza na mtu anayetafuta mahali pa kuishi. Labda umedunduliza kwa miaka, sasa unatafuta kiwanja au nyumba ya kununua. Labda ni mpangaji, unatafuta vyumba viwili na sebule, na unajua utatakiwa kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kwa vyovyote vile fedha utakayotoa ni kubwa kwako, na ukishaitoa, kuirudisha ni kazi.

Tuseme ni mwezi wa Agosti. Dalali anakupeleka Mabibo, hapa Dar es Salaam, mnashuka kutoka barabara kubwa, mnapita uchochoro mmoja na mwingine, mnafika kwenye nyumba nzuri iliyopakwa rangi juzi. Nyuma ya nyumba kuna kijito, maji yake hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu, na watoto wanacheza mpira pembeni, mchangani. Jua linawaka, kila kitu kikavu. Bei iko chini kuliko ulivyotegemea. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa mwenye nyumba ana shida ya haraka.

Msikilizaji, hapo ndipo ninapotaka usimame. Kabla ya kuuliza umeme na maji ya bomba, kabla ya kuuliza choo na maegesho ya bodaboda, uliza swali moja: maji yalifika wapi, na mwaka gani? Nitalirudia swali hili mara nyingi leo, unisamehe. Maji yalifika wapi, na mwaka gani?

Kwa nini nasema liulizwe hivyo hivyo, lenye mahali na lenye mwaka? Kwa sababu ukiuliza tu, "Hapa panajaa maji?" utajibiwa, "Hapana, siku hizi hapajai." Na huenda anayekujibu hasemi uongo. Mwaka jana hapakujaa, mwaka juzi hapakujaa. Lakini mto hauhesabu miaka kama mpangaji anavyohesabu miezi ya kodi. Unaweza kukaa miaka mitano ndani ya kingo zake, kisha ukaja usiku mmoja ukachukua eneo lake lote.

Walio na umri wa kukumbuka, wakumbuke Desemba 2011. Jiji lilikuwa ndio kwanza limetoka kwenye sherehe za miaka 50 ya Uhuru. Kuanzia tarehe 20 mvua ilinyesha kiasi kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa ilisema haikuwa imeonekana kama ile tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha. Familia nyingi za bondeni zilihamishiwa Mabwepande, kule kaskazini ya jiji, zikaanza upya katika mahema. Wengi wao walikuwa wameishi mabondeni miaka mingi na walipaona pa kawaida. Mafuriko yakarudi 2014, yakarudi 2018, na katika masika ya 2024 yalikuja nchi nzima, hata Waziri Mkuu akalieleza Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki kwa mvua zile.

Sasa Mabibo inaingiaje hapo? Tunaposikia mafuriko ya Dar es Salaam, mawazo yetu yanakimbilia Jangwani, kwa sababu pale barabara ya Morogoro hufungwa na kamera zinafika. Lakini Mto Msimbazi haujitengenezei maji Jangwani. Unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unasafiri kilomita zipatazo 35 hadi baharini pale daraja la Selander, na njiani unapokea vijito: vya upande wa Sinza, vya upande wa Ubungo, vya Luhanga. Mabibo iko kati ya vijito hivyo vinavyoshuka kwenda Kigogo kukutana na mto mkubwa. Vijito vidogo vina tabia yake. Maji hupanda ndani ya saa chache tu, kwa sababu juu huko kila bati na kila uwanja uliosakafiwa unamwaga maji yake kwa pamoja, na mifuko na chupa zimeziba makalvati. Kisha yanashuka haraka vilevile. Ukifika kesho yake mchana, unakuta matope na mtu anaanika godoro juani. Ukifika baada ya mwezi hukuti hata hilo.

Na kuna jambo la pili ambalo watu hulichanganya na mafuriko. Kuna nyumba ambazo maji hayajawahi kuingia sebuleni, na bado mto unazila. Kingo zinameguka. Leo choo kiko hatua kumi kutoka kwenye ukingo, baada ya masika mbili kiko hatua nne, kisha siku moja ukuta wa choo unakwenda na maji. Kwa hiyo swali letu lina mdogo wake: maji yalifika wapi, mwaka gani, na ukingo ulikuwa wapi wakati ule?

Hapo dalali atakuambia, "Wasiwasi wa nini? Tutaandikishana serikali ya mtaa, mwenyekiti atapiga muhuri." Nikuombe, sikiliza hapa kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wengi wameumia. Muhuri wa mtaa kwenye karatasi ya mauziano unathibitisha kwamba fulani amemuuzia fulani mbele ya mashahidi. Haujathibitisha kwamba kiwanja kile ni salama, na haujathibitisha kwamba sheria inaruhusu nyumba kuwa pale. Narudia. Muhuri unathibitisha mauziano, hauthibitishi usalama wa ardhi.

Hata upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, ambao nakushauri sana uufanye pale penye hati, utakuonyesha jina la mmiliki, utakuonyesha kama hati imewekwa rehani benki, kama kuna zuio. Ni mambo muhimu sana. Lakini karatasi ile haitakuambia kama mwaka 2011 maji yalifika dirishani. Hatuna katika nchi yetu karatasi moja ya serikali ambayo mwananchi anaiomba kwa namba ya kiwanja, akapewa, ikasema: hapa hatari ya mafuriko ni kubwa, au ni ndogo. Taarifa zipo, tena nyingi, ila zimelala katika ofisi tofauti, vipande vipande. Kazi ya kuviunganisha inabaki kwako wewe mnunuzi. Mimi naona hilo si sawa, nitarudi kulisema. Kwanza tuone vipande viko wapi.

Tuanze na sheria, maana yenyewe ni rahisi kukumbuka: mita 60. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 7, inazungumzia ardhi hatarishi, na inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita hizo hizo 60. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Sasa nenda na rafiki, mmoja asimame ukingoni, mwingine ahesabu hatua hadi mlangoni. Wengi tukifanya hivyo Mabibo, Kigogo au Mkwajuni tutashtuka.

Na usiseme sheria hiyo haitumiki. Desemba 2015 ilitumika. Nyumba za bonde la Msimbazi zilichorwa alama ya X nyekundu, na pale Mkwajuni, Kinondoni, matingatinga yakaingia. Watu waliokuwa wamenunua kwa fedha halali, wakaandikishana, wakajenga kwa tofali moja moja, walikuta karatasi zao haziwasaidii mbele ya zile mita 60. Niliwahurumia wakati ule na nawahurumia leo. Hakuna aliyewapa taarifa ile siku waliyokuwa bado na fedha mkononi, na ndiyo sababu nazungumza na wewe ambaye bado unayo.

Kipande kingine kiko kwenye leseni ya makazi. Wengi wetu katika maeneo ambayo hayajapimwa tunaishi kwa leseni hizo, zilizoanza kutolewa kwa wingi hapa Dar es Salaam katikati ya miaka ya 2000. Sheria ya Ardhi, kifungu cha 23, inasema leseni hiyo hutolewa kwa ardhi isiyo hatarishi. Sasa fikiri nami. Ukifika mtaani ukakuta nyumba za upande wa juu zina leseni, na hii unayotaka kununua, ya upande wa mtoni, haina na haijawahi kuwa nayo, hiyo peke yake ni taarifa. Ni hivyo hivyo kwenye urasimishaji: kama mchoro wa mipango miji umepita mtaa mzima ukaiacha nyumba hii nje ya viwanja, uliza kwa nini imeachwa. Muuzaji atasema, "Wapimaji walikuwa hawajafika." Wewe nenda kauone mchoro.

Utauona wapi? Hapa watu wa Mabibo mnisikilize vizuri. Hadi mwaka 2016 Mabibo ilikuwa ndani ya Manispaa ya Kinondoni. Ilipoanzishwa Manispaa ya Ubungo, Mabibo ikahamia Ubungo. Kwa hiyo unayemtafuta leo ni afisa mipango miji na afisa ardhi wa Manispaa ya Ubungo, ambayo makao yake yako Luguruni, Kibamba. Lakini nyumba nyingi karatasi zake ni za kabla ya 2016, zina nembo ya Kinondoni. Ukiambiwa Ubungo kwamba faili halionekani, usikate tamaa na usichukulie kwamba halipo. Uliza kama lilihamishwa kutoka Kinondoni. Na ukiwa pale omba vitu viwili: kuona mchoro wa mipango miji wa eneo, na kuambiwa kama eneo limetengwa kama hifadhi ya mto au bonde.

Kuna ofisi nyingine ambayo wanunuzi wa nyumba karibu hawaijui. Mto wenyewe una ofisi yake. Maji ya Msimbazi na vijito vyake yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao Morogoro. Hao kazi yao ni kuulinda mto, na kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ndio wenye mamlaka juu ya matumizi ya maji na ulinzi wa vyanzo. Wao ndio wa kuulizwa mpaka wa eneo la mto uko wapi, hasa pale ambapo mto umehama, maana mito yetu huhama. Ukingo uliokuwa mita 70 kutoka nyumbani mwaka 2010 unaweza leo kuwa mita 40, na nyumba ambayo haijasogea hata kidogo ikajikuta ndani ya zile 60.

Tukija kwa mtaa, nimesema muhuri wa mtaa si uthibitisho wa usalama. Sijasema ofisi ya mtaa haina taarifa. Inazo, na pengine ndizo bora kuliko zote! Kila mafuriko makubwa yanapopita, kaya zilizoathirika huandikwa: nyumba ya nani, watu wangapi, wamepoteza nini. Orodha hupanda kutoka mtaa kwenda kata, kwenda wilayani. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi hiyo ya chini. Kwa hiyo unapokaa mbele ya afisa mtendaji wa mtaa, usiulize, "Panajaa?" Uliza, "Katika orodha za walioathirika za 2011, 2014, 2018 na 2024, kaya za uchochoro huu zimo?" Huombi majina ya watu, hayo ni yao. Unauliza eneo. Maji yalifika wapi, na mwaka gani?

Kisha toka ofisini, nenda kwa wazee wa mtaa. Nenda bila dalali. Mtafute mama anayeuza vitumbua asubuhi pale karibu na daraja dogo, msalimie, nunua, keti. Mwenye kibanda, fundi cherehani, mjumbe wa shina aliyekaa pale tangu enzi za vichaka. Muulize akuonyeshe kwa mkono maji yalipofika. Watu hawa wana kumbukumbu ya sentimita. Atakuambia, "Yalifika kwenye kizingiti cha yule, kwa huyu yaliingia, kule juu hayakupanda." Na wewe macho yako yafanye kazi. Je, mlango una kizingiti kilichojengwa juu hata uvuke kwa kuruka? Je, soketi za umeme zimepandishwa hadi kifuani? Kuna tundu chini ya ukuta la kutolea maji? Kuna matairi na viroba vya mchanga vimepangwa ukingoni? Rangi mpya imepakwa chini tu, juu ikabaki ya zamani? Nyumba haiwezi kuficha kila kitu.

Kumbukumbu hii ya watu iliwahi kugeuzwa ramani, na ni kazi ambayo mimi naiheshimu sana. Mwaka 2015 ulianza mradi unaoitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi wa kata zenyewe, tume ya sayansi na teknolojia COSTECH, Msalaba Mwekundu na Benki ya Dunia, walipita mitaa inayofurika wakiwa na vifaa vya satelaiti, na droni zikapigwa juu kuchukua picha. Waliandika mifereji, makalvati, nyumba, na waliwauliza wenyeji maji hufika wapi. Ramani zile ziko wazi kwa kila mtu kwenye OpenStreetMap. Kijana wako mwenye simu anaweza kukufungulia usiku huu ukaona kijito kinapita wapi na mfereji unaishia wapi. Lakini ramani ya mwaka 2015 ni ya mwaka 2015. Tangu wakati ule watu wamejenga, wamejaza vifusi, mifereji mipya imechimbwa, kama ule wa Mto Ng'ombe uliojengwa chini ya DMDP, mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam. Mfereji mpya hubadilisha njia ya maji. Unaweza kuokoa mtaa mmoja na kuyafikisha maji kwa kasi zaidi kwenye mtaa wa chini yake.

Na kuhusu miradi, wengi mmesikia habari za Mradi wa Bonde la Msimbazi unaosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na wakazi wa Jangwani na maeneo jirani wakafanyiwa tathmini na kulipwa fidia wahame. Sasa dalali mwingine atakunong'oneza: nunua hapa, mradi utafika, utalipwa. Msikilizaji, usinunue hatari kwa kutegemea fidia. Kazi kubwa ya mradi ule iko sehemu ya chini ya bonde, kuelekea Jangwani. Kama unataka kujua nyumba fulani imo au haimo, mwenye jibu ni TARURA na manispaa, kwa maandishi, na mtu wa pembeni asikudanganye.

Mtu atauliza, na Mamlaka ya Hali ya Hewa je? TMA inatupa utabiri wa msimu kabla ya vuli na kabla ya masika, na inatoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa kwa siku tano zinazofuata. Hizo zinakusaidia ukiwa tayari unaishi pale: kupandisha vitu juu, kuwalaza watoto kwa shangazi yao usiku ule. Lakini TMA inasema mvua kubwa itanyesha ukanda wa pwani, Dar es Salaam na Tanga na visiwa vya Unguja na Pemba. Haisemi nyumba ipi ya Mabibo itaingiliwa. Ni taarifa mbili tofauti, na unazihitaji zote mbili.

Nilisema nitarudi kwenye lile la vipande. Kule Uingereza, mtu akitaka kununua nyumba anaingiza anwani yake kwenye tovuti ya serikali, bure, anaonyeshwa hatari ya mafuriko ya mto na ya mvua. Na muuzaji anajaza fomu ambamo anaulizwa waziwazi kama nyumba yake imewahi kufurika. Sisi tunashindwa nini? Ramani zipo. Orodha za walioathirika zipo. Mita 60 zipo kisheria tangu 1999. Naamini, na nalisema bila kumung'unya maneno, kwamba karatasi ya upekuzi wa ardhi iwe na mstari mmoja zaidi: kiwanja kimo au hakimo ndani ya hifadhi ya mto, kimewahi au hakijawahi kuandikwa kwenye orodha ya mafuriko. Na karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa iwe na sehemu ambayo muuzaji anaandika kwa mkono wake, "Maji yalifika hapa, mwaka huu." Gharama yake ni wino. Wenyeviti wa mitaa mnaonisikiliza, hili la pili mnaweza kulianza bila kusubiri mtu.

Na wapangaji msidhani haya ni ya wenye fedha za kununua. Ninyi ndio wengi, na ninyi ndio mnaopoteza bila kuandikwa. Mwenye nyumba akilipwa fidia, analipwa yeye. Godoro lako, friji yako ya biashara ya barafu, cherehani, vyeti vya shule vya watoto, hivyo havina wa kukulipa. Kwa hiyo kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, piga hesabu ya mwezi wa nne na wa tano, umuulize mama mwenye nyumba, kwa heshima, mbele ya mpangaji mwingine aliyekaa pale muda mrefu: maji yalifika wapi, na mwaka gani? Ukiona mpangaji anainamisha macho, umeshajibiwa.

Haya, chukua kalamu. Hii ndiyo barua. Ni fupi, na inaandikwa kwa mkono tu, nakala mbili. Juu andika jina lako, namba ya simu, na tarehe. Kisha andika: Mkurugenzi wa Manispaa ya Ubungo. Kama unaishi Temeke au Kinondoni, weka manispaa yako.

Yah: maombi ya taarifa kuhusu hatari ya mafuriko.

"Mimi ni raia wa Tanzania. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba taarifa zifuatazo kuhusu nyumba iliyopo mtaa fulani, kata ya Mabibo, yenye namba hii. Moja, kama nyumba hiyo imo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au katika eneo lililotengwa kama bonde au hifadhi. Mbili, kama eneo hilo limewahi kuandikwa katika taarifa za mafuriko za manispaa, na mwaka gani. Tatu, kama lipo katika mpango wowote wa mfereji, barabara au ubomoaji. Nne, naomba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo."

Saini. Imekwisha. Ambatanisha mchoro mdogo wa kuelekeza: kutoka sokoni, kutoka shule ya Loyola, kutoka hosteli ya chuo kikuu, popote panapojulikana. Peleka masijala, na ile nakala yako ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Usiondoke bila muhuri huo, kwa sababu siku zinahesabiwa kuanzia hapo. Sheria inampa mwenye taarifa siku 30 za kukujibu. Asipokujibu, au akikunyima, unaandika kwa mkuu wa taasisi hiyo kuomba uamuzi upitiwe upya, na usiporidhika unaweza kukata rufaa kwa Waziri. Barua kama hiyo hiyo, ukibadilisha anwani tu, inaweza kwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Utasema, siku 30 ni nyingi, kiwanja kitachukuliwa na mwingine. Ni kweli, huenda kikachukuliwa. Muuzaji anayejua kiwanja chake ni kikavu hatakosa kukuvumilia, hasa ukimwonyesha kwamba fedha ipo. Anayekuharakisha ulipe kabla masika haijaanza, mwulize kwa nini hasa kabla ya masika. Na kama unaweza, subiri. Nenda ukaione nyumba ile siku ya mvua kubwa, saa ileile inaponyesha, ukiwa na viatu vya mpira na mwavuli.

Jioni ya leo muda wetu umefika. Barua nitaisoma tena mwanzoni mwa kipindi kijacho, polepole, kwa wale ambao kalamu zilikuwa mbali. Mliopeleka barua zenu mkajibiwa, au mkakaa siku 30 bila jibu, tuandikieni, tutazisoma hapa hapa, pamoja na jina la ofisi na tarehe ya muhuri.